Nusu ya Juu na Nusu ya Chini

Siku tuliyomzika mume wangu Sifael, mwenyekiti wa kamati ya mazishi alisoma historia fupi ya marehemu. Ilisema alizaliwa kijijini kwetu, juu kidogo ya Vudee, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la saba, akawa fundi wa kuchomelea vyuma Same mjini, akaoa, akajaliwa mtoto mmoja, akaugua kifua, akafariki. Yote ni kweli. Mvua ilikuwa inanyesha na watu wamesimama kwenye tope, kwa hiyo silaumu ufupi wake. Lakini nikiwa nimekaa pale kwenye mkeka nilijiambia kwamba anayesikia maneno yale ataijua kazi ya Sifael, hatamjua Sifael. Mimi niliishi naye, namshukuru Mungu kwa hilo, na kuna wiki moja ya maisha yake ambayo nataka mwanetu Agape aijue vizuri, si kwa kusikia vijiweni.

Sifael alishuka Same akiwa kijana, baada ya kuchunga mbuzi wa mjomba wake kule Kisiwani na kuona kwamba mbuzi hawamfai. Alipokelewa na fundi Kassimu, aliyekuwa na karakana kando ya barabara kuu, pale malori yanapoingia na springi zilizovunjika. Kassimu alifundisha kwa matusi. Akiona mshono umejaa mabonge alikuwa anauliza mbele ya wateja, "Wewe unachomelea au unapaka uji?" Sifael aliniambia kwamba neno hilo la uji lilimfundisha kuliko kipigo. Akawa na tabia yake mwenyewe: kila akimaliza kazi, alisubiri chuma kipoe, akakigonga kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa kama muuguzi anayesikiliza kifua cha mtoto. Wateja walimzoea. Walimuuliza, "Fundi, kimejibu?" Naye akisema kimejibu, walichukua chuma chao wakaondoka bila wasiwasi.

Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vya cheche, hata lile la kwaya. Alikuwa anaimba besi. Hakuwasha mashine bila kuomba, na sala yake ilikuwa fupi kiasi kwamba wengine walidhani anapiga chafya.

Baba yangu, Mzee Aminieli, naye alikuwa fundi wa kuunga vyuma, ila kwa gesi, si kwa umeme kama Sifael. Ndiye aliyepandisha mtungi wa kwanza wa gesi kijijini kwetu, ukibebwa na watu kwenye miti kama maiti ya mtu mnene. Aliunga majembe, baiskeli, sufuria na mashine za kukobolea kahawa kwa shaba iliyoyeyushwa, na shaba yake ilibaki inang'aa kama jino la dhahabu, watu wakaipenda. Umeme hakuupenda. Alisema unakwenda mbio kama mwizi, lakini gesi inakungoja.

Basi niliolewa na fundi wa umeme nikiwa binti wa fundi wa gesi, na watu wakacheka mpaka wakachoka. Wenyewe wawili hawakucheka. Kwetu mkwe hambishii baba mkwe mbele za watu. Hakai naye benchi moja. Akiwa na neno zito humtuma mshenga, hata kama nyumba zao zinatazamana. Miaka yote ile sikuwahi kusikia Sifael na baba wakizungumza kazi, ingawa ndicho kitu pekee ambacho wote wawili walikipenda.

Ndipo likaja bomba la maji.

Kijiji kilipata msaada wa mabomba ya kuteremsha maji kutoka kwenye chemchemi ya msituni, na kazi ya mikono ikawa yetu. Kwetu kazi ya wote inaitwa msaragambo. Pembe inapigwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, hakuna anayelipwa. Kazi hugawanywa kwa vitongoji, kila kitongoji na kipande chake, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba maji haya ni ya fulani. Mtaro wote ulichimbwa hivyo. Plastiki ililazwa ardhini kila upande, ila pale kwenye korongo, ambapo bomba linapita hewani juu ya nguzo, yaliwekwa mabomba mawili ya chuma yakutane katikati. Chini ya korongo hilo inapita njia ya shule. Ndiyo njia ya kanisani pia.

Kiungo kile kimoja ndicho kilicholeta shida. Kitongoji cha juu kilikuwa na fundi wake, baba yangu. Kitongoji cha chini kilikuwa na wake, mume wangu, aliyepanda kutoka Same na jenereta ikibebwa na vijana. Anderson, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliogopa ugomvi. Wazee wakakaa pembeni, wakaongea, wakarudi na hukumu kwamba kiungo kigawanywe kama tulivyogawana mtaro. Nusu ya juu ya duara itaungwa na kitongoji cha juu, nusu ya chini na kitongoji cha chini. Sadock, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wetu wakati wa ndoa, aliangua kicheko akasema, "Wa juu wachome juu, wa chini wachome chini, na Mungu awe katikati." Watu wote wakaona ni haki tupu.

Nilikuwa pale na wanawake wenzangu tukisomba mchanga. Nilimwona Sifael akifungua mdomo, akamtazama baba, akaufunga. Baba alikuwa ameshawasha tochi yake.

Baba aliunga nusu yake kwa shaba, taratibu, vizuri sana, ukiiangalia ilikuwa kama ushanga. Kisha Sifael akalala chali juu ya mbao zilizotandazwa chini ya bomba, cheche zikimwangukia shingoni, akaanza nusu yake. Ilikwenda vizuri mpaka alipofika pale shaba ya baba ilipoishia. Hapo moto wake ulipanda juu ya shaba. Ukatoka moshi mweupe mzito, na mlio ukabadilika, ukawa kama mafuta yanayomwagikiwa maji. Aliacha. Akakaa kidogo. Halafu akaendelea, akahamia upande wa pili, ikawa vilevile. Alipomaliza aligonga kwa nyundo yake, watu wa kitongoji chetu wakapiga kelele, "Kimejibu?" Sifael alikusanya nyaya zake.

Jioni alitetemeka kama mwenye malaria. Nilimpa maziwa ya moto, maana mafundi wote wanajua kwamba moshi ule mweupe huleta homa na maziwa hutuliza. Alikunywa, akashika kikombe kitupu kwa muda mrefu.

"Mama Agape," akasema, "kile kiungo kinaniogopesha."

Nilimwambia asubuhi hakikuonekana kuwa na tatizo, kila mtu alikisifu.

"Kila moto peke yake ungeshika. Ya baba ni safi, na yangu ni safi. Ubaya uko pale nilipopanda juu ya shaba. Shaba ikichemka hivyo inaingia ndani ya chuma, kama maji yanavyoingia kwenye ukuta wa udongo. Kwa nje huoni kitu. Halafu siku moja ukuta unaachia."

"Ulipogonga?"

"Hakikujibu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini hakuvua nguo mbele ya watu. Maji yalikuwa yafunguliwe Jumapili baada ya ibada, mchungaji aombe, kwaya ya watoto iimbe. Na kwaya ya watoto, alimokuwa Agape wetu, ilipangiwa kusimama njiani, chini ya bomba, kwa sababu ndipo penye kivuli na tambarare.

Sifael alifanya kama desturi inavyotaka. Alimtuma Sadock kwa baba. Sadock alirudi upesi kuliko tulivyotarajia, na safari hii hakuwa na mzaha. Baba alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwambie mkwe wangu kwamba shaba hii ilishika jembe la babu yake." Sifael alimwendea Anderson, naye Anderson akamwambia kwamba mchungaji ameshaalikwa, wageni wameshaalikwa, na kwamba kama mafundi wawili wa familia moja hawaelewani, kamati haiwezi kuwa mahakama ya ukweni.

Jumapili ile sikusikia mahubiri. Niliomba neno moja tu, kwamba Mungu amfungue mume wangu ulimi, na papo hapo niliogopa akifunguliwa. Baba alikaa upande wa wazee, mgongo umenyooka. Sifael alikuwa kwenye kwaya na shati lake lenye vitundu, na besi yake sikuisikia kabisa.

Tulitoka tukaenda korongoni kwa maandamano. Anderson alipanda juu kwenye valvu, mahali ambapo haonekani, na ikakubaliwa kwamba pembe ikilia mara moja afungue, ikilia mfululizo afunge. Watoto wakapangwa njiani. Mchungaji akafungua kitabu chake. Mwenye pembe akaiinua.

Sifael akatoka kwenye mstari wa kwaya, akamshika mwenye pembe mkono.

"Mchungaji, samahani. Watoto watoke hapo kwanza. Watu wote watoke chini ya bomba."

Fredrick, ndugu wa baba, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wakwe wa siku hizi wameota pembe. Wengine wakacheka. Sifael alimgeukia baba, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba. Kiungo hakifai. Kilipoharibika ni pale nilipogusa mimi, pande zote mbili. Kosa ni langu. Nilijua tangu siku ile nikanyamaza."

Baba hakuitikia shikamoo. Kwetu hilo ni jambo kubwa, na kila mtu alilisikia. Alitazama bomba, hakumtazama mkwewe. Mwishowe akasema, "Watoto watoke. Mfungue kidogo tu, tuone."

Nilimvuta Agape kwa gauni mpaka likachanika mshono. Kijana mmoja akapanda mbio kumwambia Anderson afungue kidogo tu. Pembe ikalia. Kwa muda hapakuwa na kitu ila upepo, na nikaona watu wanaanza kutazamana, na Fredrick anavuta pumzi ya kusema. Ndipo tukasikia maji yanakuja ndani ya chuma, yakisukuma hewa mbele yake. Bomba likatetemeka juu ya nguzo. Upande wa kushoto, pale shaba ilipokutana na chuma, ukatokea uzi wa maji, mwembamba kama sindano. Ukafuata wa upande wa kulia. Kisha ufa ukakimbia kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, kwa sauti ya kitenge kinachochanwa, na nusu yote ya juu ikaachia.

Pembe ililia mfululizo. Mpaka Anderson alipofunga, maji yalikuwa yameshapiga njia na kuchimba shimo pale ambapo watoto walikuwa wamesimama. Yalirusha mawe makubwa kama vichwa vyao. Hakuumia mtu. Mchungaji alisema tumshukuru Mungu, tukaomba tukiwa tumelowa, na tulipofumbua macho baba alikuwa ameshaondoka.

Wengine wangesema kazi ya Sifael iliishia hapo, kwa kuwa alisema ukweli na Mungu akauonyesha. Yeye hakuona hivyo. Kijiji hakikuwa na maji, na alikuwa amemvunjia baba mkwe heshima mbele ya kanisa zima.

Kesho yake alikata kile kiungo chote kwa grenda, akatoa duara zima, akasafisha ncha za mabomba mpaka zikawa nyeupe, akavuta bomba moja mbele zikutane tena. Akajaribu kuunga kwa umeme peke yake. Ncha zile zilikuwa nyembamba, na jenereta ile nguvu yake ilipanda na kushuka. Kila alipoanza, moto ulitoboa. Angeweza kuyaziba matundu kwa kujaza juu yake, na kwa nje pangependeza. Aliniambia, "Nitakuwa nimepaka uji, tena juu ya njia ya shule." Ilihitajika gesi kwa mshono wa ndani, moto wa pole unaoziba bila kutoboa, na umeme uje juu yake kujaza na kutia nguvu. Anderson akasema waletwe mafundi wa gesi kutoka Same. Sifael alikataa. Kuleta mgeni mwenye gesi kijijini kwa Mzee Aminieli kungekuwa kumzika akiwa hai.

Hakumtuma Sadock tena. Alichukua ile pete ya chuma aliyoikata, akaiweka begani, akaniambia nimfuate.

Baba alikuwa uani anachambua maharage na mama. Mama alipomwona mkwe anakuja bila mshenga alisimama, akaingia jikoni. Sifael alitua ile pete mbele ya miguu ya baba, akaamkia, na safari hii baba akaitikia, kwa sauti ndogo. Kisha Sifael akatoa nyundo yake, akaigonga mara moja pale shaba ilipokutana na mshono wake. Ikaachana. Ndani ya ufa, chuma kilikuwa na rangi ya shaba, kama damu iliyoingia kwenye kitambaa.

Baba aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa yamechoka, aliisogeza karibu na pua.

"Nani aliligawa bomba hili?"

"Wazee, baba."

"Na mimi nilikuwa mmoja wao. Tuligawa chuma kama tunavyogawa mbuzi wa sikukuu, huyu bega, huyu paja." Akaiweka chini. "Niliusikia ule mlio, mkwe. Masikio yangu bado mazima. Niliposikia inachemka nilijua."

Sifael alishangaa, na mimi nilishangaa zaidi. Nilimuuliza baba kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa nangoja yeye aseme. Fundi na fundi. Yeye akanitumia Sadock. Sadock anajua nini kuhusu moto?"

"Desturi, baba," Sifael alisema.

"Desturi ya mahari, ndiyo. Ya ng'ombe, ndiyo." Akaisukuma ile pete kwa mguu. "Watoto wale walikuwa pale kwa sababu ya midomo yetu miwili. Nikifumba macho naona lile shimo." Kisha akauliza ncha za mabomba zina unene gani, na Sifael akamwonyesha kwa vidole, na baba akasema shaba haina kazi hapo, atatumia waya wa chuma. Mama akatoka jikoni na chai. Wakanywa wamesimama, kila mmoja akichora bomba hewani.

Walifanya kazi siku iliyofuata. Upepo wa korongoni ulikuwa mkali, na sisi wanawake tulishika maturubai kuukinga moto wa baba usiyumbe. Hakuna aliyeitisha msaragambo, lakini vitongoji vyote viwili vilikuja vikakaa kwenye majani, kimya, kama watu wa nje ya chumba cha mgonjwa. Baba alizunguka duara zima, juu na chini, akilala chali na umri wake ule, akiyeyusha ncha mbili ziwe kitu kimoja. Sifael alimshikia bega asianguke. Halafu Sifael akaingia na umeme, akapita juu ya kazi ya baba, duara zima, akabandua ganda la juu kwa nyundo, akasafisha, akapita tena. Alikuwa akisimama kila baada ya kipande na kumtazama baba, na baba alikuwa akitikisa kichwa au kuonyesha kwa kidole, rudia hapa. Alirudia.

Kilipopoa, Sifael alitoa nyundo. Baba akaichukua mkononi mwake, akagonga yeye, akainamisha kichwa. Hakuna aliyethubutu kuuliza kimejibu nini. Baba alirudisha nyundo, akateremka njiani kwa kushika majani, akaenda mpaka kwenye lile shimo, chini kabisa ya kiungo, akakaa juu ya jiwe.

"Fungueni," akasema. "Yote."

Sifael aliteremka mbio. Nilimsikia akimsihi. "Baba, toka hapo. Tufungue kidogo kwanza, kama siku ile."

"Kidogo ni kwa ajili ya kazi usiyoiamini. Huiamini?"

Sifael aliangalia juu kwenye bomba. Nilikuwa ng'ambo ya korongo, Agape amenishika sketi, na nilimjua mume wangu: midomo yake ilicheza mara moja, ile sala fupi. Kisha akakaa juu ya jiwe lilelile, kando ya baba yangu, bega kwa bega. Wazee waliguna. Jambo lile kwetu halikuwahi kuonekana, na Fredrick alifunika uso.

Pembe ikalia. Niliwatazama hao wawili, wa kunizaa na wa kunioa, wamekaa chini ya chuma kile, na sikuweza kuomba, nilisema tu Bwana, Bwana, Bwana. Hewa ilitangulia ikipiga mluzi. Bomba likatetemeka, nguzo zikalia, na maji yakaja kwa uzito wake wote kutoka mlimani. Sifael alikuwa amefumba macho. Baba alikuwa ameyafumbua, anatazama juu. Nilisubiri ule uzi. Nilikodolea upande wa kushoto, nikakodolea wa kulia, mpaka macho yakaniuma. Ng'ambo, kwenye kilula cha kuchotea maji, wanawake wakaanza kupiga kelele kwamba maji yamefika.

Baba alisimama kwa shida, akanyoosha fimbo yake, akapitisha ncha yake chini ya kiungo chote, akaishika ncha ile kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Sifael alikuwa bado amekaa.

"Inuka, mkwe," baba alimwambia. "Watu wanataka kupita na ndoo zao."